Mrejesho: nafasi kwenye simu yangu ya Linux

Wakuu, niliuliza kama ni salama kupunguza mafaili ya mfumo kwenye simu yenye Mobian (mfumo wa Linux wa simu, uliotokana na Debian), maana sehemu ya mfumo ilijaa na masasisho yakagoma. Sasa yanapita, ahsanteni sana.

Amri ya apt clean imefuta tu vifurushi vilivyopakuliwa, yaani mafaili ya kusakinishia programu; programu zenyewe ziko salama. Kisha journalctl --vacuum-size=50M ikapunguza kumbukumbu za matukio, ingawa hapo unapoteza ushahidi wa hitilafu za nyuma.

Aliyenionya nisifute kerneli (kiini cha mfumo) zote za zamani namshukuru zaidi. Nimebakiza moja ya zamani, kwani mpya ikikataa kuwaka, hiyo ndiyo ya kurudia. Na apt autoremove, inayoondoa vifurushi inavyoona havihitajiki tena, jamani, someni orodha yake kabla ya kukubali! Ndani ya /usr, folda yenye programu za mfumo, sifuti kitu kwa mkono.