Mtu mzima na video za ngono: anatafuta nini, na "imezidi" hupimwaje?

mdadisi_wa_mambo:
Wakuu, mada hii ikiguswa humu huishia kwenye mahubiri. Naomba leo tuiendee kitaalamu. Mtu mzima, ana mwenza, ana shughuli zake, huwa anatafuta nini kwenye video za ngono? Na mpaka uko wapi: mara moja kwa wiki? Kila siku? Saa ngapi?

Jabali_K:
Mkuu, saa ziweke kando kwanza, uliza sababu. Mtafiti wa saikolojia Beáta Bőthe na wenzake walichapisha mwaka 2021 kipimo chenye makundi 8 ya sababu: starehe, udadisi, njozi, kuchoshwa na kukaa bure, kutoridhika kimapenzi, kukimbia hisia, kupunguza msongo, na kujichunguza mwenyewe. Starehe ndiyo inayoongoza, wala haishangazi.

La kuchungwa ni kukimbia hisia. Video hutuliza haraka, kwa hiyo ubongo unazoea njia hiyo: ukigombana na mtu, mkono unaenda kwenye simu hata kama hamu yenyewe haipo. Njia ya kujijua: kwa wiki 2, kabla ya kufungua, andika saa, unavyojisikia, na ulichokuwa unafanya. Kabla, si baada. Ukishamaliza utaandika majuto tu. Ukikuta karibu zote ni usiku wa manane baada ya kero za kazini, shughulikia kero na usingizi. Kufuta programu peke yake hakutasaidia.

tabibu_asiye_zamu:
Naongezea upande wa hospitali. Shirika la Afya Duniani, kwenye orodha ya magonjwa ya ICD-11 iliyoanza kutumika Januari 2022, lina tatizo la tabia ya ngono isiyodhibitika, namba 6C72. Limewekwa kwenye matatizo ya kushindwa kuzuia misukumo. Kwenye uraibu halimo. Idadi ya saa haikutajwa. Kinachoangaliwa ni kushindwa kujizuia kwa muda mrefu, kama miezi 6 au zaidi, huku afya, kazi au majukumu yakiharibika, au mtu anaendelea hata raha ikiwa imekwisha. Na wameandika wazi: dhiki inayotokana na hukumu ya kimaadili pekee haitoshi kumpa mtu ugonjwa huo. Kuna anayetazama mara chache mno na bado anajiona mraibu kwa sababu imani yake inakataa. Huyo ana mgongano wa kweli wa kumaliza, ila tiba yake ni nyingine.

mdadisi_wa_mambo:
Nimekupata daktari. Na hili la kumaliza nguvu za kiume?

tabibu_asiye_zamu:
Hapo watu huchanganya mafaili. Uume usiposimama vizuri kwa mwenza, wala peke yako, wala alfajiri, kapime sukari na presha, na mwambie daktari dawa unazotumia. Ukisimama vizuri peke yako lakini kwa mwenza ukagoma, mara nyingi ni wasiwasi.

Kuchelewa sana kufika kileleni ni suala jingine, na chanzo kimojawapo ni mkono: kubana sana na kwenda kasi kiasi ambacho mwili wa mwenza hauwezi kuiga. Tumia kilainishi, legeza mkono, punguza kasi, na uume ukianza kulegea usirudi kubana. Huchukua wiki kadhaa. Wengi hukata tamaa mapema.

fundi_ruta:
Kwa anayetaka kujiwekea uzio: kwenye ruta (kifaa cha Wi-Fi) weka DNS, yaani huduma inayogeuza majina ya tovuti kuwa anwani za namba, 1.1.1.3 na ya pili 1.0.0.3, ni za kampuni ya Cloudflare na huzuia tovuti za watu wazima. Kosa kubwa ni kubadilisha ya kwanza na kuiacha ya pili ya mtoa huduma. Tovuti zitapenya tu. Ukihamia data ya simu, ruta haina kazi, hivyo kwenye Android nenda DNS ya faragha uandike family.cloudflare-dns.com. VPN (programu inayopitisha mtandao wako kwa njia iliyofichwa) ikiwashwa, yote hayo yanaweza kurukwa.

Halafu lile dirisha la siri la kivinjari hufuta historia kwenye kifaa tu, mtoa huduma bado anaona tovuti unazoingia. Na ukipata barua pepe ya "tumekurekodi ukitazama" yenye nywila yako ya zamani, usilipe. Nywila hiyo kwa kawaida imetoka kwenye tovuti iliyodukuliwa. Ibadilishe popote ulipoitumia na uwashe uthibitishaji wa hatua mbili.