Kiu ya usiku na kipimo cha 168: ni sukari au la?

Mwana_Kadutu
Jambo wote. Mama mkubwa ana miaka 52. Usiku anaamka kila mara kukojoa, kiu haimwishi, nguo zinampwaya ingawa anakula. Famasi walimpima akiwa ametoka kula: 168. Wakasema hana sukari. Tuamini?

Muuguzi_Ibanda
Hapana, ndugu, msiishie hapo. 168 baada ya kula haithibitishi kisukari wala haikikanushi. Apelekwe labo asubuhi, amekaa masaa 8 bila kula. Maji matupu anywe. Sukari ikifika 126 mg/dl (miligramu kwa desilita ya damu, kipimo kilekile cha hiyo 168), kipimo kirudiwe siku nyingine ili kuthibitisha. Kwa mwenye dalili kama zake, 200 wakati wowote inatosha kusema ni kisukari.

Tafadhali msimnyime maji ili alale. Sukari ikipita karibu 180 katika damu, figo hazimudu kuirudisha yote. Inatoka na mkojo na kuvuta maji. Kiu inakuja baadaye, kufidia yaliyopotea. Mseme pia kama anameza dawa ya presha: nyingine zinakojoza.

Labo_Bagira
Naongeza la kupima sukari kwa damu ya kidole. Aliyetoka kumenya embe ana sukari kwenye ngozi, na mashine itaihesabu. Aoshe kwa sabuni, akauke kabisa, achomwe pembeni mwa ncha ya kidole, damu isikamuliwe kwa nguvu. Kichupa cha vijiti vya kupimia kifungwe papo hapo, unyevu unaviharibu.

Kuna pia HbA1c, kipimo cha damu kinachoonyesha wastani wa sukari wa miezi miwili mitatu: kuanzia 6.5% ni kisukari, lakini kwa mwenye anemia ya SS (selimundu) au aliyeongezewa damu karibuni inadanganya.

Mama_Panzi
Wenye watoto, someni hili kwa makini. Kwa mtoto kisukari kinakwenda mbio, majuma machache tu. Aliyekwisha kuacha kukojoa kitandani anaanza tena, anakonda, anakunywa maji ovyo. Kisha anatapika, tumbo linauma, anahema haraka na kwa kina. Hapo wengi wanasema malaria, na anawekewa serumu (dripu) ya glukozi, yaani sukari, juu ya sukari iliyokwisha kupanda!

Malaria ipimwe, ndiyo, lakini ombeni tone la damu lipimwe sukari kabla ya serumu. Malaria kali nayo inaweza kuishusha sana, na kwa mtoto huyo, glukozi ndiyo itamwokoa. Kipimo hichohicho kitawaonyesha. Ikiwa juu, hospitali usiku huohuo: anahitaji insulini na serumu ya chumvi.