Kufundisha visasili vya Ugiriki na Roma, na Kilatini cha mwanzo, katika sekondari: nianzie wapi?

Mwalimu wa Kiswahili, Buruburu

Hamjambo, walimu wenzangu. Ninafundisha Kiswahili na Historia katika shule ya kutwa hapa Nairobi, na mwalimu mkuu ameniruhusu kuanzisha chama cha fasihi ya kale kitakachokutana mara moja kwa juma baada ya masomo. Nia yangu ni kuwasomesha wanafunzi visasili vya Ugiriki na Roma, sehemu za kazi za Homer na Sophocles wa Ugiriki na Ovid wa Roma, na pengine Kilatini cha mwanzo. Kilatini hakimo miongoni mwa lugha za kigeni za sekondari ya juu, ambako mwanafunzi anaweza kuchagua Kifaransa, Kijerumani, Kiarabu au Kimandarini, kwa hivyo sina mtihani unaonibana, lakini pia sina kitabu cha kiada cha kuniongoza.

Naomba ushauri kuhusu kazi ya kuanzia, maana ninao wanafunzi wanaosoma haraka na wengine ambao kurasa kumi ni mzigo kwao. Vilevile, baadhi ya wazazi wameniuliza Kilatini kitawafaa nini watoto wao, nami sitaki kuwapa jibu nisiloliamini.

Mpenzi wa Tenzi, Ngara

Mwalimu, ningekushauri usianze na Ugiriki. Anza na Fumo Liyongo, ambaye hakuna silaha iliyomdhuru isipokuwa sindano ya shaba iliyochomwa kitovuni, na ambaye aliuawa na mwanawe mwenyewe aliyeshawishiwa na maadui wa babake. Wasomee beti za utenzi wa Muhammad Kijumwa wa mwaka 1913, kisha mlete Lwanda Magere wa Waluo, aliyekuwa na mwili kama jiwe lakini akauawa kwa mkuki uliochomwa kwenye kivuli chake, baada ya mke aliyetoka upande wa maadui kuitoa siri hiyo. Achilles, shujaa wa Wagiriki katika vita vya Troy, aje baada ya hao wawili. Darasa litajiuliza lenyewe kwa nini jamii zilizotengana kiasi hiki zilimpa shujaa mwili usiodhurika na kumbakishia mahali pamoja pa kufia, na kwa nini katika visa vyetu viwili siri hutolewa na mtu wa nyumbani, ilhali Achilles hasalitiwi na mtoto wala mke.

Hapo kuna jambo ambalo hupitwa mara nyingi, nalo ni kwamba kisa cha kisigino, mahali pekee alipoweza kudhurika, hakimo katika Iliad. Utenzi huo wa Homer huisha kwa mazishi ya Hector, shujaa wa Troy, Achilles akiwa bado hai, na habari za mama yake kumchovya katika mto Styx ili mwili wake usidhurike tunazipata kwa Statius, mshairi wa Kirumi wa karne ya kwanza baada ya Kristo, aliyeishi mamia ya miaka baada ya Homer. Mwanafunzi akilijua hili huacha kudhani kwamba visasili vya Wagiriki viliandikwa mara moja na kukauka. Huviona vikipokewa na kubadilishwa na kila msimulizi, kama anavyofundishwa tayari kuhusu fasihi simulizi yetu.

Tena Roma si mgeni katika ushairi wa Kiswahili. Utendi wa Tambuka, uliotungwa Pate na Bwana Mwengo mwaka 1728, huitwa pia Chuo cha Herekali, na huyo Herekali ni Heraclius, mfalme wa Roma ya Mashariki aliyetawala kutoka Constantinople kati ya mwaka 610 na 641. Kwa hiyo mnapofika kwenye umbo la ushairi, linganisheni bila kuona haya: ubeti wetu wa utenzi una mishororo minne, kwa kawaida ya mizani minane, mitatu ya kwanza ikiwa na kina kimoja na wa nne ukibeba kina kinachorudi hadi mwisho wa utenzi, ilhali mshororo wa Homer hauna vina kabisa, bali huenda kwa vipimo sita vya silabi ndefu na fupi. Waghanie kwa sauti kabla hujawaeleza lolote, hata kama Kigiriki chenyewe utawachezea kutoka kwenye rekodi.

Kuhusu tamthilia, tafuta Mfalme Edipode, tafsiri ya Samuel Mushi ya tamthilia ya Sophocles iliyochapishwa mwaka 1971. Kipindi hicho kianze kwa kutega kitendawili cha Sphinx, zimwi la visasili ambalo Edipode alilijibu: ni nani mwenye miguu minne asubuhi, miwili mchana na mitatu jioni? Sophocles anakitaja kitendawili hicho lakini hatoi maneno yake, kwa sababu watazamaji wa Athens walikijua tayari. Wanafunzi wako nao ni watu wa vitendawili, kwa hivyo hawatahitaji utangulizi mrefu.

Mwalimu wa Historia, Kangemi

Mimi nina wasiwasi, na ninausema kwa heshima. Mwaka 1968 Ngũgĩ wa Thiong'o, Henry Owuor-Anyumba na Taban lo Liyong walipendekeza, hapa hapa Nairobi, kwamba idara ya Kiingereza ya chuo kikuu iondolewe na fasihi ya Afrika iwekwe katikati ya masomo. Hawakudai kwamba fasihi ya Ulaya isisomwe. Walikataa iwe kipimo cha nyingine zote. Pendekezo la Mpenzi wa Tenzi linanituliza kiasi, lakini chama kikiitwa cha fasihi ya kale na kale hiyo ikawa ni Ugiriki na Roma tu, tutakuwa tumekirudisha kipimo kile kile kwa mlango wa nyuma.

Ninachoomba ni kwamba Afrika ionekane ndani ya Kilatini chenyewe. Terentius, mwandishi wa tamthilia, alitoka Afrika Kaskazini na kupelekwa Roma akiwa mtumwa. Apuleius alizaliwa Madauros, na riwaya yake kuhusu mtu aliyegeuzwa punda ndiyo riwaya pekee ya Kilatini ya kale iliyotufikia nzima. Augustino, aliyezaliwa mwaka 354 huko Thagaste, ambayo leo, sawa na Madauros, imo nchini Algeria, anasimulia katika Maungamo yake jinsi alivyomlilia Dido, malkia wa Karthago, alipokuwa akimsoma Virgil, mshairi wa Kirumi, shuleni. Huyo ni mwanafunzi Mwafrika akisoma kitabu cha Warumi, na hisia zake zote ziko upande wa malkia aliyeachwa.

Ovid naye umsome mapema ukiwa peke yako kabla hujampeleka darasani. Miungu wake huwanajisi wasichana katika kisa baada ya kisa, na katika kile cha Phaethon, kijana aliyeshindwa kuliendesha gari la jua, anasema kwamba Waethiopia walikuwa weusi kwa sababu gari la jua liliwakaribia mno. Usikifiche kifungu hicho. Kisomeni, kisha mkiweke karibu na Homer, ambaye kwake miungu huondoka Olympus kwenda kula karamu na Waethiopia.

Aliyesoma Seminari, Lang'ata

Nitajibu la wazazi tu. Usiwaambie kwamba Kilatini kitamfanya mtoto kuwa wakili au daktari. Ni kweli kwamba Katiba yetu ya mwaka 2010, katika kifungu cha 25, inataja habeas corpus, yaani amri ya kumleta mtu aliyezuiliwa mbele ya mahakama, na kwamba majina ya kisayansi ya mimea na wanyama yana sura ya Kilatini, lakini hayo mtu huyajifunza chuoni bila kugusa sarufi.

Jibu la kweli ni kwamba Kilatini humfanya mwanafunzi aone jinsi lugha inavyofanya kazi, na mwanafunzi wa Kiswahili ana njia fupi kuliko wengi. Andika ubaoni *tutapenda* na *amabimus*. Chetu ni nafsi, wakati, shina: tu-ta-penda. Chao ni shina, wakati, nafsi: ama-bi-mus. Vipande ni vile vile kwa mpangilio uliogeuzwa, na mtoto aliyewahi kuchanganua vitenzi vya Kiswahili huelewa papo hapo. Upatanisho wa vivumishi nao hautamtisha, maana ngeli zimemzoeza. Kitakachomchosha ni miisho ya nomino, kwa sababu Kiswahili huonyesha mtendwa kwa nafasi yake katika sentensi na kwa kiambishi kwenye kitenzi, ilhali *puerum*, yaani mvulana anayetendwa, hubaki mtendwa popote utakapomweka. Tumia muda mwingi hapo, na usivuke makundi mawili ya kwanza ya nomino katika muhula wa kwanza.

Mwalimu wa Kiswahili, Buruburu

Nawashukuru nyote. Muhula huu tutasoma Liyongo, Lwanda Magere na Achilles kwa mpangilio huo, tukitumia robo saa ya kila mkutano kwa Kilatini. Dido atafuata pamoja na Augustino, na jina la chama nitawaachia wanafunzi walichague baada ya kuvisoma visa hivyo. Ovid atangoja hadi nimchambue vizuri. Aliye na nakala ya Mfalme Edipode anayoweza kuniazima kwa majuma mawili, tafadhali anijulishe hapa. Nitaifuata popote alipo mjini.