Wageni wamelala, mwenyeji anahema: CPU ya seva inaliwa na nini usiku?

taa_ya_kibatari

Wakuu, habari za usiku. Naangalia seva ya SACCOS moja hapa Iringa. Ni seva moja tu yenye kori nane, inaendesha Linux na KVM (sehemu ya Linux inayoendesha mashine pepe). Ndani yake kuna mashine pepe sita (kompyuta za kuigiza ndani ya kompyuta moja), zote CentOS 5 (toleo la zamani la Linux), kila moja nimeipa prosesa mbili. Najua, najua, ni mambo ya kale. Programu ya mikopo ilinunuliwa zamani, aliyeiuza hapokei simu, na mwenyekiti hataki kusikia habari za kuhama.

Taabu iko usiku. Ofisi imefungwa, hakuna anayegusa kitu. Nikiingia ndani ya mashine pepe, `top` inaniambia prosesa imelala asilimia 99. Nikitoka nje kwenye seva yenyewe, kila qemu (programu inayobeba mashine pepe moja) inakula kidogo kidogo, feni inavuma, na umeme ukikatika UPS inazima mapema kuliko nilivyopiga hesabu.

Halafu kuna saa. Wakati wa kufunga hesabu za siku, seva ikizidiwa, saa za ndani zinabaki nyuma dakika kadhaa. Mkaguzi ameshaniuliza mara mbili kwa nini risiti za saa kumi na moja zimeandikwa saa kumi na nusu. Nimeongeza RAM, wapi!

Mzee_Nondo

Dada (kama ni kaka uniwie radhi, jina halisemi), hiyo RAM ungeiacha dukani. Shida yako ni mapigo ya taima.

Keneli (kiini cha mfumo) ya CentOS 5 ni 2.6.18. Linux ya enzi zile ilijua muda kwa kuhesabu mapigo: kwa CentOS 5, taima inaikatiza prosesa mara 1000 kila sekunde, kazi iwepo isiwepo. Ni kama mtoto anayekuamsha usiku kukuuliza, "Baba, umelala?" Kwenye kompyuta halisi unavumilia. Kwenye mashine pepe, taima yenyewe ni ya kuigiza, kwa hiyo kila pigo lazima lipite mikononi mwa mwenyeji (seva yenyewe). Mgeni (mashine pepe) amelala kwa HLT (amri ya kuilaza prosesa). Mwenyeji anamwamsha, anamchomekea intarapti (ishara ya kukatiza). Mgeni anaongeza moja kwenye kaunta yake, anaiandikia APIC (kidhibiti cha intarapti cha prosesa, chenye taima yake) kwamba amemaliza (kwa prosesa za zamani, hilo peke yake linamtoa tena nje kwa KVM), kisha HLT nyingine, anatoka tena. Safari zote hizo kwa ajili ya kuongeza moja.

Sasa piga hesabu. Keneli hizo ukizipa prosesa mbili huomba mapigo 1000 ya taima kuu, na 1000 mengine ya APIC kwa kila prosesa. Hayo ni 3000. Mara sita, 18,000 kwa sekunde, na ofisi imefungwa! `top` ya ndani haioni kwa sababu gharama kubwa inalipwa nje, muda ambao mgeni hayupo kwenye prosesa.

Usiniamini mimi. Ndani ya mgeni soma `/proc/interrupts` mara mbili, ukiachanisha sekunde kumi, uangalie mstari wa timer na wa LOC (taima ya APIC). Nje, endesha `perf kvm stat live` uone HLT zinavyojipanga.

Dawa: kwenye mstari wa keneli ndani ya GRUB (programu inayowasha Linux) ongeza `divider=10`. Mapigo yanashuka kutoka 1000 hadi 100, na 100 ndiyo ilikuwa kawaida ya Linux 2.4, mikopo ikakopwa na ikalipwa. Pili, rudisha prosesa iwe moja kwa kila mgeni. Utabaki na 200 kwa mgeni, 1200 kwa wote.

Saa usiiwekee cron ya `ntpdate` (kazi ya ratiba inayoirusha saa papo hapo). Mimi nilifanya hivyo zamani, saa ikarudi nyuma katikati ya kazi, tukawa na mkopo uliolipwa kabla ya kuidhinishwa. Nilijieleza wiki nzima.

popo_wa_keneli

Mzee Nondo, shikamoo. Naongezea kidogo. `ntpd` (programu inayonyoosha saa polepole kwa NTP, yaani kupitia mtandao) ndiyo ya kutumia, ila ujue inanyoosha saa kwa sehemu 500 kwa milioni tu, kama sekunde 43 kwa siku. Anayepoteza dakika kadhaa kwa jioni moja haponi kwa hiyo. Punguza mapigo kwanza, ndipo NTP ipate cha kunyoosha.

Na mapigo yaliyokosa kufika, mmoja tu ayafidie. Mwenyeji akiyarudisha (angalia `tickpolicy` kwenye libvirt, programu ya kusimamia mashine pepe) na keneli ya mgeni nayo ikijifidia, saa itakimbia mbele. Hapo mkaguzi atakuuliza mara ya tatu.

CentOS 5 imekosa bahati kidogo tu: keneli isiyopiga pigo ikiwa imelala iliingia na 2.6.21, mwaka 2007. Lakini msidhani za kisasa ni bure. Kila zikitega taima upya zinaandika kwenye rejista 0x6e0 ya Intel, na kwa kawaida kila kuandika huko ni safari ya kutoka nje. Programu moja inayolala milisekunde moja moja inatosha kurudisha kelele zote.

Umeangalia kama wageni wamepewa tableti ya USB ya kuigiza? Kama huwafungulii skrini, iondoe. Nayo humwamsha mwenyeji bure.

taa_ya_kibatari

Ni dada, Mzee, hukukosea. Marahaba za popo nakuachia wewe.

Nilianza na mgeni mmoja, wa chapa za ripoti. Kabla: LOC ilipanda karibu 10,000 ndani ya sekunde kumi kwa kila prosesa. Baada ya `divider=10`: karibu 1000. Jana nimemaliza wote sita na tableti nimezitoa. Leo saa mbili usiku feni siisikii, mpaka nikaenda kuhakikisha seva inawaka.

Ila mgeni wa mikopo amegoma. Nikimpa prosesa moja programu haiwaki, inasema leseni si sahihi.

Mzee_Nondo

Marahaba, popo. Dada, mwachie mbili zake. 300 badala ya 200, jumla 1300. Hilo deni linalipika.