Ushauri wa kupiga picha papa chini ya maji, naenda safari ya boti Bahari ya Shamu

mbizi_mchana
Wakuu habari zenu. Mwezi wa kumi nimepata nafasi kwenye boti la wapiga mbizi, zile ambazo mnakula na kulala humohumo wiki nzima, ratiba ni visiwa vya Brothers, halafu mwamba wa Daedalus, mwisho mwamba wa Elphinstone, upande wa Misri. Kuzama sina shida, zile mbizi 50 wanazotaka uwe nazo ndo wakupeleke huko nishazivuka zamani, ila kwenye picha ndo kizungumkuti. Kila papa niliyempiga nikija kumwangalia kwenye kompyuta ni kivuli cha kijivu katikati ya bluu, na vidoa vyeupe vimejaa picha nzima. Nna kamera ndogo kwenye hauzingi (lile kasha la kuzuia maji), lenzi pana ya kubandika kwa nje na flashi moja yenye mkono wake. Naomba kujua setingi za kuanzia, niwashe flashi au nisiwashe, na je hawa longimanus, papa wa bahari kuu wenye ncha nyeupe za mapezi, wanaosemwa wanakuja mpaka usoni ni kweli au stori za vijiweni? Nichaneni tu, nimekuja kujifunza.

LenziPana
Mkuu kabla hujagusa setingi tuongelee umbali. Maji yanakula rangi nyekundu mapema mno, ukifika mita 10 hivi imeshabaki kidogo sana, na mwanga wa flashi nao unapita kwenye maji hayohayo kwenda na kurudi, kwa hiyo papa akiwa mita 2 mwanga wako umeshasafiri mita 4 ndani ya maji ndo unafika kwenye kamera, hapo rangi utaitoa wapi? Tena macho yanakudanganya, chini ya maji kitu kinaonekana kipo karibu zaidi kwa robo hivi, yule unayemkadiria yupo mita moja na nusu ujue ni mbili. Mimi papa akizidi mita moja na nusu ya kweli flashi naihesabu haipo.

Vile vidoa ni chembechembe zilizoko kati yako na papa. Flashi yako naamini imekaa jirani na lenzi, inazimulika zote kabla haijamfikia mwenyewe. Nyoosha ule mkono wote, ipeleke juu pembeni, irudi nyuma kidogo ya kioo cha lenzi, halafu ielekeze nje kidogo ili papa apatwe na ukingo wa mwanga, ile katikati yake ipite pembeni. Itaonekana kama unamulika hewa lakini jaribu utaniambia.

Longimanus wanakaa juujuu kwa hiyo jua lipo la kutosha. Anza ISO (wepesi wa kamera kuhisi mwanga) 200, shata 1/200 ya sekunde, uwazi wa lenzi f/8, flashi robo ya nguvu. Usiongeze nguvu kwa tamaa, tumbo la papa ni jeupe na flashi ikizidi linaungua lote, hata RAW (faili ghafi ambalo kamera haijalichakata) hairudishi. Na piga RAW, hiyo haina mjadala. Kitu kingine, kamera nyingi ndogo flashi yake inakubaliana na shata ya haraka kuliko kamera kubwa ambazo nyingi zinagota 1/250 hivi, kwa hiyo siku ukitaka kupiga na jua likiwa nyuma ya papa wewe una nafasi kuliko wenye mizigo mizito humo botini. Watakudharau siku ya kwanza, waache.

kimya_chini
LenziPana nakubaliana na wewe mpaka hapo kwenye flashi. Kwa mtu mwenye flashi moja mimi namwambia aizime nusu ya safari. Daedalus watu wanashuka alfajiri kutafuta papa nyundo, msimu wao mkubwa ni kiangazi lakini mwezi wa kumi bado unaweza kubahatika, na hao utawakuta huko kwenye bluu mbali na ukuta wa mwamba, kina cha mita 25, 30, hawasogei karibu. Flashi ya nini? Zima, panda ISO 800, shata 1/160, f/5.6, ukae chini yao upige kuelekea juu uwapate weusi dhidi ya mwanga wa juu, ukirudi geuza picha iwe nyeusi na nyeupe. Lile umbo la kichwa linajieleza lenyewe halihitaji rangi.

Halafu pumua taratibu. Papa nyundo hawapendi mapovu kabisa, nimeona kundi zima linageuka kwa sababu mtu mmoja kapaniki kwa furaha anahema anawakimbilia na kamera mbele. Ukimfuata papa unachopata ni picha ya mkia. Tulia, akitaka atakuja mwenyewe, asipotaka basi, bahari siyo mali yako. Na uangalie kina, kwenye bluu huna ukuta wa kukuonyesha unashuka, ukiwa na naitroksi ya 32 (hewa ya mtungi yenye oksijeni asilimia 32) mwisho wako ni kama mita 33, na jicho likiwa kwenye skrini ya kamera unazipita hujui.

mbizi_mchana
Asanteni sana, hiyo ya ukingo wa mwanga sikuwahi kuisikia. Fokasi je? Yangu inatafuta inatafuta papa anapita anaondoka bado inatafuta.

LenziPana
Papa wa kijivu kwenye maji ya bluu fokasi haina cha kushika. Fokasi kwenye pezi lako la mguuni au kwa mwenzako aliye umbali unaoutaka, ifunge hapo, usiiguse tena. Lenzi pana ukiwa f/8 kina cha fokasi ni kirefu kinabeba makosa madogo. Akifika ndo unabonyeza, lenga jicho au matundu ya mashavu, picha ya papa isiyoonyesha jicho mimi naifuta bila huruma.

dada_mkondo
Mmemjibu kuhusu kamera, kuhusu longimanus mwenyewe hamjamjibu. Ni kweli mdogo wangu, wanakuja, na wanakuja karibu kweli. Siyo papa wa miambani anayekuona anakwepa, huyu ni wa bahari kuu ambako chakula ni cha kubahatisha, kila kitu kipya lazima akichunguze. Utamjua kwa mapezi, mapana marefu yameviringana ncha na zina weupe kama zimechovywa rangi, mara nyingi na visamaki vyenye milia vimemtangulia puani. Hizo visamaki vipate kwenye fremu, vinaipa picha uhai.

Sasa siri ya Brothers na Elphinstone ni kwamba wengi wao wanazunguka chini ya maboti yaliyofungwa pale. Watu wanamaliza hewa kule chini wakitafuta papa, kumbe picha zao bora wanazipata mwishoni wakiwa mita 5 wanasubiri muda upite kabla ya kupanda. Mimi nikijua wapo napunguza kina, nabakiza hewa ya kutosha kwa ajili ya pale. Bakisha na nafasi kwenye kadi.

Ila pale pale ndo pa hatari. Hatokei mbele ya kamera tu, anakuja kwa nyuma na kwa chini, na wewe uso uko kwenye skrini. Kubaliana na mwenzako kabla ya kuzama, mmoja akipiga mwingine analinda mgongo. Simama wima, mtazame papa, akikuzunguka zunguka naye. Akisogea mno weka kamera kati yako na yeye, hauzingi ni ngao nzuri tu. Akianza kukugusagusa au mizunguko yake inazidi kubana na kuwa ya haraka, picha basi, sogeeni mkutane kundi mtoke kwa utulivu. Na juu ya maji usielee ukipigapiga miguu eti unasubiri boti la mpira, hapo ndo unamwita.

Boti likiwa na mtu anatupa mabaki ya chakula baharini ili papa waje, lalamika. Kulisha papa kule ni marufuku, na huyu mnyama tangu 2019 IUCN, shirika la kimataifa la uhifadhi wa maumbile, imemweka daraja la mwisho kabla ya kutoweka porini, hatuhitaji ajenge mazoea mabaya na wapiga mbizi halafu lawama zimwangukie yeye.

fundi_oringi
Mimi niongezee ya ndani ya boti. Oringi, ule mpira wa duara unaozuia maji yasiingie, ikague kila unapofungua hauzingi, ipitishe kidoleni taratibu usikie punje ya chumvi au unywele, grisi kidogo sana, ing'ae tu. Funga hauzingi ndani ya chumba chenye eyasii maana hewa yake kavu, ukifungia deki kwenye unyevu ukiingia majini kioo kinapata ukungu kwa ndani. Ndoo ya kuoshea kamera tumbukiza, toa, ondoka nayo, usiiache humo igongane na za wengine.

La maana kuliko yote, betri. Usichaji ukiwa umelala, na usichaji chumbani kwako. Boti la Conception liliungua California tarehe 2 Septemba 2019 usiku watu wamelala chini, wakafa 34. Chanzo cha moto hakikuthibitishwa, betri zilizokuwa zinachajiwa zilitajwa kama uwezekano mmojawapo, lakini wachunguzi walisema wazi hakukuwa na mlinzi anayezunguka usiku. Kwa hiyo siku ya kwanza uliza nani anakesha, na njia ya pili ya kutokea kule vyumbani iko wapi, uipite mwenyewe kwa miguu yako. Wakikuona msumbufu poa tu.

mbizi_mchana
Hii ya mlinzi sikuifikiria kabisa, ntauliza. La mwisho wakuu, hii lenzi ya kubandika naifunga nikiwa botini au ndani ya maji?

kimya_chini
Vyovyote, ila ukishaingia majini ilegeze kidogo, itikise hewa iliyonasa kati yake na hauzingi itoke, kisha irudishe. Usipofanya hivyo utakuwa na povu katikati ya kila picha. Ifanye kabla hujaanza kushuka, Brothers papa anaweza kuwa chini yako ndani ya dakika ya kwanza.