Tupeane uzoefu: vidole vya mkono wa kulia kwenye okteva za besi

BesiShangani (Mtwara)
Wapiga besi wa Kusini, habari za kazi. Mada ni moja: unapopiga okteva (noti moja ya chini na mwenzake wa juu wa jina lilelile) kwenye gitaa la besi, kidole gani cha mkono wa kulia kinapiga uzi upi, na kwa nini. Kushoto umbo linajulikana, unaruka uzi mmoja na kusogea freti (vyuma vya kukata shingo ya gitaa) mbili mbele. G ya freti ya 3 kwenye uzi wa 4 (ule mnene) inajibiwa na G ya freti ya 5 kwenye uzi wa 2. C ya freti ya 3 kwenye uzi wa 3 inajibiwa na freti ya 5 kwenye uzi wa 1. Kasoro nyingi zinazosikika kwenye kwaya na bendi zetu zinatoka kulia: uzi wa katikati unanguruma, noti ya juu inapiga kelele, ya chini inamezwa.

Naanza na okteva za kidisko, chini-juu-chini-juu. Kidole cha shahada kipewe uzi wa chini, cha kati kipewe uzi wa juu, na visibadilishane. Mkono unashuka kutoka upande wa uzi mnene, kwa hiyo uzi mwembamba ndio ulio mbali, na kidole cha kati ndicho kirefu. Kila kidole kinafika kwake bila kifundo kupinda. Ukitumia kidole kimoja tu hapa, kitaruka uzi mzima kila mara, na kwenye besi nyingi za nyuzi nne karibu na daraja nyuzi hizo mbili zimeachana kama milimita 38.

Gumba nalo lina makao yake. Ukipiga uzi wa 4 na wa 2, gumba likae juu ya pikapu (kinasa sauti kilicho chini ya nyuzi). Ukihamia uzi wa 3 na wa 1, gumba lihamie juu ya uzi wa 4. Likibaki kwenye pikapu vidole vitanyooka, kifundo kitapinda, na uzi wa 4 utaanza kuvuma wenyewe unapopiga nyuzi nyingine. Uhamisho huo ufanyike kwenye pumziko la noti ya juu, kabla ya kodi (chord) ya wimbo kubadilika.

Mwl_Kwaya_Masasi
Asante mkuu. Niongeze kuhusu mahali kidole kinapotua baada ya kupiga, maana hapo ndipo usafi wa okteva ulipo. Kidole cha kati kikipiga uzi wa 2 kisiishie hewani. Kipite na kitulie juu ya uzi wa 3. Kwa tendo hilohilo umepiga noti na umeuzima uzi wa katikati. Anayepiga kwa kunyofoa kuelekea nje anapoteza msaada huo na anapata noti nyembamba yenye mlio wa "twa".

Kushoto nako kuna kinga ya pili. Kidole cha shahada kikibonyeza uzi wa 4, kisisimame wima. Kilaze kidogo ili nyama yake iguse uzi wa 3 bila kuubonyeza. Kikigusa hata uzi wa 2 hakuna hasara, kwa sababu kidole cha mwisho kimeshaubonyeza freti mbili mbele. Wanafunzi wengi hukisimamisha kidole hicho wakiogopa kuua noti ya juu, ilhali hakiwezi kuiua.

Patakapokusumbua ni okteva ya E wazi: uzi wa 4 haubonyezwi, na E ya juu iko freti ya 2 ya uzi wa 2. Hapo bonyeza kwa kidole cha kati cha kushoto, cha shahada kilale juu ya uzi wa 3 peke yake.

Gumba_la_Lindi
Salaam wadau. Nakubaliana na hayo yote kwa disko, ila kwa sebene na mapambio ya kwaya zetu nampa gumba kazi. Gumba linapiga chini, kidole cha shahada kinapiga juu. Gumba linashuka na kutua kwenye uzi wa 3, cha shahada kinapanda na kutua palepale kwenye uzi wa 3. Vyote viwili vinauzima uzi wa katikati bila wewe kuufikiria. Mgawo wa shahada na kati haukupi hilo kwa vidole vyote viwili.

Faida ya pili ni rangi ya sauti. Nyama ya gumba inatoa noti nene na butu, shahada inatoa kali, kwa hiyo msikilizaji anasikia mazungumzo ya pande mbili. Ukitaka noti ya chini iwe fupi zaidi, laza ukingo wa kiganja, upande wa kidole cha mwisho, juu ya nyuzi palepale zinapotoka kwenye daraja. Sentimita moja mbele ya hapo noti inakufa kabisa, kwa hiyo tafuta mpaka wake taratibu.

Na kupiga kwa gumba si ushamba. Mtengeneza magitaa Fender alipotoa besi yake ya Precision mwaka 1951, kishikizo cha vidole kilifungwa upande wa chini wa uzi mwembamba, kwa kuwa mpigaji alitarajiwa kushika hapo na kupiga kwa gumba.

Hasara yake ni mwendo. Gumba likishatua kwenye uzi wa 3 lazima lirudi juu kabla ya noti ijayo ya chini. Kwa noti nane kwenye bari mwendo wa 120 (midundo kwa dakika) halina shida, lakini ukidai "chini-chini-juu" za noti kumi na sita kwa mwendo huo, litachelewa.

dada_besi_Nachingwea
Naomba msaada kwenye hilo la mwisho, kaka. Mpigo wetu ni chini-chini-juu, chini-chini-juu, kwa noti za kumi na sita, mwendo 110. Nikitumia shahada mara mbili kisha kati, shahada inachoka kabla wimbo haujafika kiitikio.

BesiShangani (Mtwara)
Dada, mwendo wa 110 kila noti ya kumi na sita inachukua kama sekunde 0.136. Kidole kimoja kupiga mara mbili mfululizo kwa kasi hiyo kinawezekana, ila msuli wa mkono unakaza na hauachii. Gawa kazi kwa vidole vitatu: shahada chini, kati chini, pete juu. Kidole cha pete kinatosha urefu kwa uzi wa 2 na hata wa 1, na vidole vitatu vinajifunga kwa mzunguko bila kimoja kurudia.

Kidole cha pete ni dhaifu mwanzoni na noti ya juu itakuwa ndogo. Usikilazimishe kupiga kwa nguvu. Punguza nguvu ya vile viwili, kisha ongeza sauti kwenye ampulifaya. Nguvu nyingi ya vidole ndiyo inayochosha, na haileti unene wa besi.

Kama mstari una okteva zilizochanganyika na noti za kutembea kati yake, acha mgawo wa kudumu na urudi kwenye kupokezana shahada-kati. Mgawo wa kudumu ni wa okteva tupu. Watu huushikilia hadi kwenye ngazi, wakajikuta kidole cha kati hakina kazi bari nzima. James Jamerson, mpiga besi wa rekodi za Motown, kampuni ya muziki ya Marekani, alipiga kwa shahada peke yake, kwa hiyo hakuna sheria ya vidole inayoshinda mstari wenyewe.

Mwl_Kwaya_Masasi
Zoezi la kusawazisha nguvu: laza mkono wa kushoto juu ya nyuzi zote usikike mgoto tu wa "tak, tak" bila noti. Metronomu 60, noti nane kwa bari, vidole vikiwa kwenye mgawo wao. Sikiliza kama tak ya juu inalingana na ya chini. Mgoto hauna utamu wa noti wa kukuficha, kidole kizito kinajianika. Dakika nne hivyo, kisha fungua noti. Panda mwendo kwa 4 kila zinapolingana, shuka pale zinapoachana.

Jirekodi kwa simu. Maikrofoni ya simu haishiki E ya chini vizuri (ni kama hezi 41 tu), lakini ngurumo ya uzi wa 3 na mkwaruzo wa vidole vinasikika wazi.

Umeme ukikatika, gusisha pembe ya juu ya gitaa kwenye ubavu wa kabati la mbao. Mbao inakuza sauti ya kutosha kufanyia zoezi.

Mikindani_Low
Waungwana, sponji chini ya nyuzi karibu na daraja mnaionaje? Kipande cha godoro kinafuta ngurumo yote.

Gumba_la_Lindi
Kwenye onyesho itumie, hasa ukumbi wa matofali wenye paa la bati unaorudisha kila noti. Kwenye mazoezi itoe. Inaficha uzi wa 3 usiozimwa, na siku umepewa gitaa la mtu kasoro inatoka hadharani. Kata nyembamba, iguse nyuzi bila kuziinua, ikizisukuma juu tyuni inapanda.

Na sisi wa pwani: chumvi ya hewa inaotesha kutu kwenye nyuzi, hasa upande wa chini ambako kidole kinapita. Uzi wenye kutu unakwaruza, kidole kinachelewa kuachia, na okteva inayumba mtu akidhani ni mkono wake. Futa kila uzi juu na chini kwa kitambaa kikavu cha pamba baada ya kupiga. Nyuzi za chuma cha pua zinahimili kutu zaidi ya za nikeli, ila ni ngumu kwa ngozi.

Mikindani_Low
Nimekupata mkuu. Na besi ya nyuzi tano je? Gumba nalikosea makao.

BesiShangani (Mtwara)
Umbo ni lilelile. D ya freti ya 3 kwenye uzi wa 5 inajibiwa na freti ya 5 ya uzi wa 3, gumba kwenye pikapu. Okteva ya uzi wa 4 na wa 2, gumba juu ya uzi wa 5. Okteva ya uzi wa 3 na wa 1, ncha ya gumba iwe juu ya uzi wa 4 na ubavu wake uegemee wa 5, maana ule wa 5 usipoguswa unaitikia noti unazopiga. Nyuzi za besi hizo mara nyingi zimekaribiana zaidi, kwa hiyo kunja vidole kidogo zaidi ya ulivyozoea, la sivyo cha kati kitagonga uzi wa 2 kikiwa njiani kwenda wa 1.