Wakala wa safari hapa Muscat alifuta tiketi ya mama yangu kimyakimya, mtu mzima wa miaka 71 akalala sakafuni Dubai usiku mbili

Wakuu, asalaam aleikum na habari zenu.

Jambo hili nimekaa nalo karibu wiki mbili. Kila nikishika simu niandike, hasira zinanipanda, naacha. Leo naandika mpaka mwisho, na nawaomba mlioko Uarabuni ambao wazazi wenu wako nyumbani msome yote hata kama ni marefu.

Mimi mtu wa Tanga, Makorora. Niko Muscat mwaka wa saba sasa, fundi wa viyoyozi, naishi Al Khoud na mke wangu na watoto watatu. Wawili wamezaliwa hukuhuku, bibi yao wanamjua kwa simu tu. Idi zetu zote zilikuwa hivyo: tunampigia mama kwa video, yeye anaiweka simu sikioni, watoto wanaona shavu na upande wa mtandio. Mwaka huu nikasema basi. Mama ana sukari, umri umekwenda. Nikaweka akiba tangu Agosti ili yeye na mama mdogo waje tufunge kumi la mwisho pamoja na tule Idi pamoja.

Wakala nilimpata kwenye kikundi cha WhatsApp cha Waafrika Mashariki wa pande za Seeb. Mtu wetu kabisa, Kiswahili chake cha pwani, anakuita kaka, anamuulizia mzazi hali yake. Nikamlipa rial 495: tiketi mbili za kwenda na kurudi, ndege ya moja kwa moja, rial 205 kila moja, na rial 85 za gari na dereva kwenda mlima wa Jebel Akhdar siku moja. Asiyeijua rial, hiyo ni karibu dola 1,290. Ile sauti aliyonitumia baada ya kupokea pesa ninayo mpaka leo: "Kaka, mama yako ni mama yangu, wewe lala usingizi."

Walifika tarehe 3 Aprili salama. Na Idi yenyewe, Jumatano ya tarehe 10, sina la kulalamika. Jirani yetu ni bibi wa Kiomani aliyezaliwa Unguja, walirudi huku miaka ya sabini. Kiswahili chake ni kile cha zamani cha Ng'ambo. Alimchukua mama kama dada yake. Akamwonyesha shuwa inavyotayarishwa: nyama inapakwa viungo na siki, inafungwa majani, inatiwa kwenye mfuko wa makuti, inafukiwa kwenye shimo la makaa na kuachwa humo mpaka inalegea yenyewe. Siku shimo lilipofunuliwa mama alikuwa pale mstari wa mbele na wanaume. Halua ilipoletwa akaonja, akasema hii na ya Unguja mama mmoja baba mmoja. Wanangu hawakumtoka pajani siku tatu. Nayataja haya makusudi, mjue mtu huyu aliharibu nini.

Ijumaa tarehe 12 ndiyo ilikuwa safari ya Jebel Akhdar. Mama aliitaka hii kuliko Muscat yote. Aprili ni msimu wa mawaridi kule juu, wenyeji wanachuma alfajiri na kuyachemsha kupata maji ya waridi. Mama ameshika mrashi maulidini tangu yuko msichana, amewanyunyizia watu marashi maisha yake yote, akataka auone huo mwaridi kwa macho yake kabla hajafa. Maneno yake hayo.

Asubuhi likaja gari dogo la kawaida. Mimi gari langu nalo ni dogo, ndiyo maana nililipia gari la kupanda mlima. Nikampigia wakala. Akasema kaka panda tu, dereva anajua njia. Nikapanda, na hapo nakubali nilimwamini kupita kiasi. Anayeishi Oman anajua: pale Birkat al-Mawz, kabla hujaanza kupanda, kuna kizuizi cha polisi, na gari lisilovuta magurudumu yote manne halipiti. Halipiti kabisa, kwa sababu mteremko ule unaua breki. Askari hakuhitaji hata dakika moja. Akamwambia dereva ageuze. Dereva akasema kwa utulivu kabisa kwamba anajua, ndivyo huwa wanafanya, wakirudishwa wanawapeleka wageni Nizwa kuangalia ngome.

Ndivyo huwa wanafanya! Yaani ni kawaida yao. Anachukua pesa ya gari la mlimani, anatuma gari la mjini, polisi anamalizia kazi.

Mama akauliza, "Ndo tumefika?" Nikamwambia barabara imefungwa. Nilimdanganya mzazi wangu siku ya Ijumaa kwa ajili ya mtu huyu.

Jumamosi nikamdai rial 85. Akasema pesa hairudi ila safari inabadilishwa: kesho Jumapili tarehe 14 atatupeleka Wadi Bani Khalid, bonde lenye maji wanakopelekwa wageni, mkoa wa Sharqiyah, tusipokwenda basi tumesamehe. Wakati huo tahadhari ya mvua kubwa na mafuriko ya mabonde ilishatolewa, kila mtu hapa ameipata kwenye simu. Nikamtumia ile tahadhari. Akajibu kwa sauti, naitunza: "Hiyo mvua ya Waarabu, kaka, wewe umekulia Tanga unaogopa manyunyu?"

Hatukwenda. Mke wangu ndiye aliyekataa kwa ukali kuliko mimi, Mungu amlipe. Jumapili hiyo mabonde ya Sharqiyah yalishuka. Huko Samad Ash Shan, mkoa huohuo aliotaka kutupeleka, gari lenye watoto wa shule lilisombwa na maji na watoto wakafa. Nchi nzima ililia. Sisi tulikuwa ndani tunatazama habari, mama amemshika mjukuu wake, mimi natazama ule ujumbe wa manyunyu. Mtu anayepeleka wageni kwenye mabonde kwa biashara hawezi kuniambia hajui maji ya wadi yanavyokuja. Yanakuja kutoka milima ambayo huioni, juu yako jua linawaka. Anajua. Alitaka tu asirudishe rial 85.

Sasa tiketi.

Tarehe 15 usiku, Jumatatu, kesho yake wazee wanaondoka, akanitumia picha ya karatasi: Muscat, Dubai, Dar es Salaam. Nikamuuliza ya moja kwa moja imekwenda wapi. Akasema shirika limebadilisha ratiba kwa sababu ya Idi, ni kuunganisha tu, mizigo inakwenda yenyewe mpaka Dar, wazee watakaa Dubai saa chache. Nikamwomba namba ya buking, akasema ipo kwenye mfumo, pasipoti zinatosha. Usiku wa manane na wazee wawili wamefunga mabegi, ningefanya nini?

Asubuhi kaunta ya uwanja wa ndege, kijana akatazama, akaniuliza kama wana viza ya Imarati. Viza ya nini? Akanigeuzia kioo. Zilikuwa tiketi mbili zisizojuana, za mashirika mawili tofauti. Hawa wa kwanza wanawafikisha Dubai, kazi yao imekwisha. Mizigo inashushwa Dubai, na wa kuipokea lazima atoke nje, na wa kutoka nje lazima awe na viza. Hawana viza, basi mizigo haiendi. Waende na mabegi ya mkononi tu.

Tulifungua masanduku chini, mbele ya foleni. Mke wangu anatoa dawa za mama na kuzitia kwenye kipochi, insulini na kile kifuko chake cha barafu, mimi natoa nguo moja moja. Halua, ubani, kanzu za wajukuu wa Tanga, viatu, vyote vikabaki. Mama mdogo alikuwa anafunika vitu kwa khanga, watu wasione nguo zake za ndani. Mama hakusema kitu. Alikaa kwenye kiti cha magurudumu cha uwanja, anavuta uradi.

Saa nne wakawa Dubai. Ndege ya pili ilikuwa ya saa tisa alasiri. Tarehe 16 Aprili 2024 Dubai mnaijua wote, mvua kubwa kuliko zote tangu wenyewe waanze kuweka kumbukumbu mwaka 1949. Ndege zikafutwa. Wale wa shirika la kwanza wakasema hawa si abiria wetu tena. Wale wa pili wakasema waliofika kaunta wajiandikishe, na kaunta ilikuwa upande ambao bila viza hufiki. Wazee wawili, Kiingereza cha kuombea maji tu, wakabaki katikati.

Wakalala chini, usiku wa tarehe 16 na wa tarehe 17. Mama alitandika mtandio. Barafu ya insulini iliyeyuka usiku wa kwanza, na aliyewasaidia ni binti wa Mombasa anayeuza kahawa mle ndani, alisikia mama mdogo analalamika kwa Kiswahili akaja mwenyewe. Akawa anawaletea barafu kila akiingia zamu, na simu yake ndiyo tuliyokuwa tunaongea nayo. Binti yule, popote ulipo, nakuombea kila swala. Sukari ya mama ilipanda mpaka akawa anaona ukungu. Waliondoka tarehe 18 jioni. Kaka yangu alimpokea Dar akampeleka hospitali moja kwa moja kutoka uwanjani, akalazwa siku nne.

Siku hizo zote wakala simu haishiki. Tiki mbili za bluu, kimya.

Alipoibuka alisema hivi: "Mvua ni kazi ya Mungu kaka, huwezi kunidai mimi kwa mvua." Na wapo kwenye kile kikundi waliomuunga mkono.

Nikaenda ofisi ya shirika la ndege ile ya moja kwa moja, na namba za tiketi za kujia. Dada akafungua kompyuta. Shirika halikubadilisha ratiba yoyote. Viti viwili vya kurudi vilifutwa na wakala mwenyewe tarehe 9 Aprili, na pesa ya kurudi ikarejeshwa kwake. Tarehe 9! Mvua ya Dubai ilinyesha tarehe 16. Alikula pesa ya ndege ya moja kwa moja, akanunua vipande viwili vya bei rahisi, tofauti ikaingia mfukoni. Na usiku huohuo wa tarehe 9, nimerudi kuangalia simu, saa tatu na nusu alinitumia picha ya mwezi na maua: "Idi njema kaka, msalimie mama." Simdai mvua. Namdai viti viwili alivyoviuza mama akiwa chumbani kwangu anajipaka hina.

Najua watakuja wa kusema mbona hukununua mwenyewe mtandaoni. Nilikwenda kwa wakala kwa sababu mama ni mzee na ana maradhi, nikataka mtu wa kumpigia likitokea la kutokea. Hiyo ndiyo kazi niliyomlipa. Nawe ungefanya hivyo kwa mama yako.

Na watakuja wa suluhu. Tayari mzee mmoja wa jumuiya amenipigia, mtu ninayemheshimu, akaniambia mwanangu tusianikane mbele ya wenye nchi, yamalizeni kiutu uzima. Nilimjibu kwa adabu, ila hapa nasema wazi: hiyo ndiyo ngao anayojificha nyuma yake. Baada ya mimi kusema kikundini, watu wanne wamenifuata faragha na hadithi zinazofanana na yangu. Mmoja naye gari lilirudishwa palepale Birkat al-Mawz, mwaka jana, na wakwe zake ndani. Wote walinyamaza kwa sababu ni mtu wetu. Laiti mmoja angesema, mama yangu asingelala sakafuni.

Nataka rial 85 za mlima, nataka tofauti ya tiketi mpaka baisa ya mwisho, nataka gharama za hospitali, na nataka ampigie mama amwambie kwa mdomo wake alichofanya. Ameniletea ahadi ya rial 60 "tufunge mjadala". Sikuzipokea.

Kilichonileta kwenu ni hiki. Nina risiti ya benki, nina karatasi ya shirika la ndege yenye tarehe ya kufutwa kwa viti. Lakini makubaliano yote, vitisho vyote, uongo wote, ni sauti za WhatsApp za Kiswahili. Aliyewahi kupeleka shauri Mamlaka ya Kulinda Walaji hapa Oman anisaidie: sauti wanazipokea, au lazima ziandikwe na kutafsiriwa Kiarabu na mtafsiri mwenye muhuri? Na mtafsiri wa Kiswahili kwenda Kiarabu mwenye muhuri anapatikana wapi hapa Muscat? Zipo sauti kumi na tisa. Namba yangu anayeitaka aniombe faragha.